Alama ya Kidole

Ngazi ya nyumba yetu Kibokoni ina vidato ishirini na viwili.
Najua, kwa kuwa mavyaa wangu Bi Twaiba
huvihesabu kwa sauti,
na cha tisa hukipumzikia, kiganja ukutani,
magoti yamemvimba kama mahamri yaliyozidi hamira.

"Hivyo vidonge vyako," huniambia,
"vyaunguza tumbo. Kaa navyo dukani kwako."
Kisha hutwanga manjano aliyoyachagua mwenyewe Marikiti,
kidole kwa kidole, akikivunja kuuona moyo wake.
Unga wa kupimiwa hauamini:
"Mtu hajui katiliwa nini."
Maziwa, punje tano za pilipili manga, kijiko cha samli.
Hunywa mbele ya wajukuu, hushusha kikombe,
hunitazama mimi.

Mimi ni mfamasia. Shahada yangu imetundikwa Ganjoni,
na chini ya kaunta nina kijitabu cha safu mbili.

Kulia, kidonge: nusu saa, maumivu yashuka.
Miligramu mia nne, wala si mia nne na moja.
Akimezaye Likoni na akimezaye Nyali
wamemeza kitu kimoja.
Lakini figo hunung'unika, na utando wa tumbo
huchubuka kimyakimya mpaka choo kiwe cheusi.

Kushoto, manjano: yaja polepole
kama mgeni asiyetaka kusumbua,
na mengi hupita bila kuibishia damu hodi.
Ini huyafukuza haraka,
ila pilipili manga hulishika mkono, ngoja kidogo,
na samli huyabeba.
Hilo nililisoma mwaka wa tatu, kitabu kizito kama tofali.
Yeye asema ni ladha tu.

Niliandika mstari mwingine, nikaukata:
kwamba hata asprini jadi yake ni gome la mti,
mti wa nchi za baridi, watu wakilitafuna kwa homa
kabla hajaja mtu na chupa na moto.
Niliukata kwa sababu angeufurahia mno.

Jumanne moja ya Mfungo Sita, akitoka maulidini,
alipanda vidato vyote. Cha tisa hakukisimamia.
Nyumba nzima ilimsikia: "Mwaona? Mwaona?"
Nikaandika safu ya kushoto, kwa kalamu, si kwa penseli.

Siku ya pili nikatafuta sindano katika mtoto wa meza wake,
kifungo cha mwanawe kilikuwa kimedondoka.
Chini ya leso iliyokunjwa: ibuprofeni,
si ya kwangu, ya yule bwana wa Makadara anayeuza bei ya juu.
Vidonge kumi, sita vimetoka.
Na juu ya karatasi ya fedha, wazi kama muhuri,
alama ya kidole cha manjano.

Nilicheka peke yangu, nimekaa kitandani kwake.
Kisha kicheko kikakatika:
anameza vingapi? Ameshakula? Na ile dawa yake ya presha?
Nani wa kumuuliza, ikiwa mbele ya watu hamezi?

Nami nina nini cha kusema?
Kifundo changu cha mkono, kwa miaka ya kuhesabu vidonge,
huniuma usiku. Hukisugua tangawizi na mafuta ya simsim
bafuni, komeo limefungwa,
mume wangu asije akapeleka habari.

Usiku ule nilimpelekea maziwa na kipande cha mofa.
"Usiwe ukimeza na tumbo tupu," nikasema.
"Kumeza nini?"
"Maziwa."
Akanyamaza. Akamega mofa. Akatafuna kwa muda mrefu.
"Viwili kwa siku," akasema kuuambia ukuta. "Jana vitatu."
"Kesho tutapima presha, mimi na wewe. Mlango tutaufunga."
Hakujibu. Alinivuta mkono kama anayetaka kuinuka,
akauleta puani, akanusa.
"Tangawizi hii," akasema, "yataka karafuu."